Bunduki ya Wenzo: Silaha Iliyopita Kwetu Bila Kuacha Jina

Wako watu, hasa huko Marekani, wanaokusanya bunduki kama baadhi yetu tunavyokusanya tenzi. Huzipanga ukutani kwa kufuata miaka, na mgeni akiingia sebuleni huoneshwa moja baada ya nyingine: hii nilirithi kwa babu, hii niliipata mnadani, ile nilibadilishana na jirani kwa tandiko la farasi. Katika makusanyo hayo aina moja inapendwa kupita zote, nayo ni ile yenye mkono wa chuma chini ya kishikio, ambao mpigaji huusukuma mbele na kuurudisha nyuma kila baada ya risasi. Waliowahi kutazama sinema za makauboi wanaijua, hata kama hawajui inaitwaje.

Mimi ninazo nne. Hakuna hata moja ninayoweza kuishika, kwa sababu zote zimo katika kaunta buku yangu, kila moja na ukurasa wake, na chini yake nimeandika nilikoipata na jinsi nilivyoipata. Zilianza kukusanyika kwa sababu ya swali. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi hutafsiri filamu kwa Kiswahili, alinipigia simu jioni moja akaniuliza: "Mwalimu, ile bunduki ya kuvuta chini kwa chini tunaiitaje?" Nikamjibu papo hapo, kwa sauti ya mtu aliyefundisha Kiswahili na Historia miaka zaidi ya thelathini: "Bunduki ya wenzo." Akashukuru, akakata simu. Nikabaki na haya, kwa kuwa nilijua vema kwamba hakuna mtu yeyote aliyewahi kulisema neno hilo mbele yangu. Nilikuwa nimelitunga wakati ule ule, kisha nikampa kama urithi.

Hata hivyo, neno lenyewe halikuwa baya. Aliyesoma sayansi ya shule ya msingi kwa Kiswahili atakumbuka mashine rahisi: wenzo daraja la kwanza, la pili na la tatu, pamoja na egemeo, jitihada na mzigo. Mwalimu alichora mstari ubaoni, akaweka pembetatu chini yake, tukanakili. Wenzo ni mti au chuma cha kuinulia au kusukumia kitu kizito. Wingi wake ni nyenzo, na hapo ndipo lugha ilipofanya mzaha wake, maana leo kila ripoti ya ofisi inalalamikia uhaba wa nyenzo, na hakuna anayekumbuka kwamba nyenzo moja ni wenzo. Wingi umenenepa, umoja umekufa njaa. Katika bunduki ninayoizungumzia, wenzo ndio unaofanya kazi yote: ukisukumwa mbele hutoa ganda lililokwisha kulipuka, hurudisha nyundo nyuma na kupokea risasi mpya kutoka katika bomba lililo chini ya mtutu; ukirudishwa, mlango hufungwa. Sekunde moja tu, na bunduki iko tayari tena.

Kilichonikera si kukosa neno. Lugha yoyote hukosa maneno. Kilichonikera ni kwamba Kiswahili hakikuwahi kuwa maskini wa majina ya bunduki, bali kilikuwa nayo tele.

Tuanze na bunduki yenyewe. Kwa Kiarabu *bunduq* ni kokwa, kisha jina likapewa vidonge vilivyorushwa kwa upinde, kisha likahamia kwenye silaha ya moto inayorusha kidonge cha madini. Mji wa Venice nao kwa Kiarabu huitwa al-Bunduqiyya, na wapo wanaopenda kuunganisha mambo hayo mawili. Mimi ninaridhika na kokwa. Risasi ni madini ya risasi yenyewe, nayo inatoka huko huko Uarabuni. Baruti ilipitia kwa Waarabu na Waturuki. Bastola ilishuka kutoka Ulaya. Lakini mzinga ni wetu. Waswahili wa kwanza kuona mdomo mweusi wa silaha kubwa juu ya ngome au melini hawakuhangaika kuuliza wenyewe wanaiitaje. Waliona gogo lenye uwazi, lenye ngurumo ndani na maumivu yanayotoka kwa kasi, wakakumbuka nyuki.

Kisha yanakuja majina ya aina. Kamusi za zamani, kuanzia ya Madan ya mwaka 1903 hadi ya Johnson ya mwaka 1939, zimeyahifadhi. Kuna bunduki ya mrao, inayowashwa kwa utambi. Kuna ya gumegume, ambayo nyundo yake ina jiwe gumu la kutoa cheche. Kuna ya fataki, yaani kile kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ndani, kinacholipuka kikigongwa. Kuna ya midomo miwili. Kuna korofindo. Kuna ya viasi, ambayo risasi, baruti na fataki vimekwisha kufungwa pamoja, nayo hujazwa kwa nyuma. Hapo napenda kusimama kidogo. Mwenye bunduki ya kushindilia alipima baruti yake kwa kiasi, akaimimina mdomoni mwa mtutu, akashindilia kwa mdeki. Ilipokuja risasi iliyokwisha kupimwa kiwandani, Mswahili hakutafuta neno jipya. Alikiita kitu kizima kwa jina la kile kipimo. Kiasi kikawa chuma.

Majina hayo hayakubaki katika bunduki. Fataki za sikukuu mnazijua. Na miaka ya karibuni, kampeni moja ya redioni hapa Tanzania ilimwita Fataki mwanamume mtu mzima anayewafuata wasichana wa shule, na mitaani jina likashika mara moja. Gumegume nalo limegeuka kuwa tusi kwa mwanamume asiye na manufaa nyumbani. Sina hati ya kuthibitisha kwamba tusi hilo lilizaliwa na bunduki, lakini yeyote aliyewahi kuona bunduki ya jiwe ikigoma siku ya mvua, nyundo ikigonga na kugonga bila moto kutokea, hatahitaji maelezo marefu kutoka kwangu.

Basi, lugha iliyotofautisha utambi, jiwe na fataki, iliyohesabu midomo na kutazama mahali risasi inapoingilia, kwa nini haikuutazama wenzo? Hapo ndipo nilipofungua kaunta buku.

Bunduki ya kwanza niliipata katika maktaba ya chuo cha ualimu, muda mrefu kabla sijajua kwamba ninakusanya kitu. Kilikuwa kitabu cha Henry Morton Stanley kuhusu safari yake ya mwaka 1871 ya kumtafuta Livingstone, na humo mwandishi ameorodhesha silaha zake kama mwenye duka. Nilinakili orodha ile kwa sababu za somo la Historia. Anataja Winchester moja ya Kimarekani na Henry moja, zote mbili za wenzo, kila moja ikifyatua mara kumi na sita bila kujazwa upya. Ile Winchester aliipata kama zawadi kutoka kwa rafiki yake, Edward Joy Morris, aliyekuwa mwakilishi wa Marekani huko Constantinople. Wakati huo kampuni yenye jina hilo ilikuwa na umri wa miaka mitano tu. Jambo la maana nililiona nilipoirudia orodha hiyo miaka mingi baadaye: chini ya silaha za bwana zimefuata bunduki ishirini na nne za watu wake, na hizo zote ni za gumegume.

Msafara mmoja ulioanzia Bagamoyo ukielekea Tabora na Ujiji ulikuwa na mashine ya kisasa kabisa mkononi mwa mtu mmoja, na mawe ya kutoa cheche mabegani mwa wengine. Wale ishirini na nne ndio waliokuwa wasemaji wa Kiswahili. Waliloliita jina ni lile waliloshika, walilolisafisha, walilolilaani liliponyeshewa. Ile ya kumi na sita ilikuwa ya bwana, na cha bwana huitwa cha bwana.

Mwaka 1875 Stanley alirudi, akalizunguka ziwa letu kwa mashua yake, Lady Alice, akitokea Kagehyi karibu na Mwanza. Alipita Ghuba ya Speke na pwani za Ukerewe na Majita, yaani mbele ya milima tunayoiona kutoka Bugwema asubuhi kukiwa hakuna ukungu. Nilipokuwa kijana nilipenda kudhani kwamba wazee wetu waliiona mashua ile na kujiuliza. Siku hizi sidhani sana. Ziwani hupita vyombo vingi.

Bunduki ya pili si moja, ni hamsini. Mwaka 1887 Stanley aliongoza msafara wa kwenda kumwokoa Emin Pasha, na shehena yake inajulikana: bunduki 510 za Remington, Winchester 50 na bunduki moja mpya ya Maxim aliyopewa na mvumbuzi wake. Waliondoka Unguja kwa meli mwezi Februari, wakazunguka kusini mwa bara kwenda mdomo wa mto Kongo, wakiwa na Wanguwana zaidi ya mia sita, na melini humo alikuwamo Hamed bin Muhammad el Murjebi, mtu ambaye jina lake lenyewe ni mlio wa bunduki. Wengine husema aliitwa Tippu Tip kwa sababu ya kupepesa macho, lakini yeye mwenyewe katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, yaliyochapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, ameueleza kwa mlio wa bunduki masikioni mwa watu wa bara waliokimbia. Tip, tip. Ni tanakali sauti iliyogeuka kuwa nasaba. Ninaitaja kwa sababu inaonesha jinsi watu wale walivyokuwa wepesi wa kuzipa silaha lugha. Hawakukosa masikio.

Masalia ya msafara huo yalipita kusini mwa ziwa letu mwaka 1889 yakishuka Bagamoyo, yakafika mwezi Desemba. Winchester zilizokuwa zimebaki zilishuka pamoja nao. Zilikuja na msafara, zikaondoka na msafara.

Mtu anaweza kuuliza: kwani wafanyabiashara wa Unguja hawakuziuza? Hawa ndio walioingiza bunduki bara kwa wingi usio wa kawaida. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza, Euan-Smith, aliripoti kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa takataka za Ulaya. Majeshi ya kule yalikuwa yakibadilisha silaha kila baada ya miaka michache, na zile zilizokataliwa zilishuka bei hadi kufikia mkono wa mwindaji wa Unyamwezi. Ngazi ilikuwa moja: kwanza gumegume, kisha fataki, kisha, taratibu, za viasi. Kwa mwendo huo bunduki ya wenzo nayo ingekuwa na zamu yake, ikifika ikiwa imechakaa, ikitengenezwa upya na mhunzi, ikipewa jina.

Zamu hiyo haikufika. Mwezi Desemba 1888, pwani ikiwa imeinuka dhidi ya Wajerumani, manowari za Ujerumani na Uingereza zilianza kuizingira ili kuzuia watumwa wasitoke na silaha zisiingie. Wapenzi wa tenzi wanaifahamu vita hiyo kwa kazi ya Hemedi bin Abdallah el Buhry. Kisha, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Sisi shuleni tuliufundisha kama mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, nao kweli ulikuwa hivyo. Lakini ndani yake mna vifungu vya silaha ambavyo sikuwahi kuvifundisha, na najuta. Vilichora mistari miwili juu ya Afrika, mmoja kwenye digrii 20 kaskazini na mwingine kwenye digrii 22 kusini, na kati ya mistari hiyo bunduki za kisasa zikapigwa marufuku, isipokuwa kwa serikali na kwa watu wachache wenye vibali. Kilichoruhusiwa kuuzwa, kwa masharti, ni bunduki za mawe zenye mtutu laini, na baruti ya kawaida.

Hebu litazameni jambo hilo kwa jicho la kamusi. Watu wazima waliokaa mezani Ulaya waliamua ni bunduki ipi mtu wa Tabora au wa Majita anaweza kuinunua, na kwa kufanya hivyo waliamua pia ni neno lipi atalihitaji. Orodha yetu ya majina inasimama pale pale mkataba uliposimama. Na gobore, ambalo leo ndilo jina linaloandikwa katika kila habari ya polisi kukamata mwindaji haramu, limedumu zaidi ya miaka mia baada ya Ulaya kuisahau silaha yenyewe. Wageni huliona gobore kama dalili ya ushamba wetu. Sehemu ya ushamba huo ilitiwa saini.

Haina maana kwamba hakuna aliyejaribu kuvunja uzio. Charles Stokes, aliyekuja kama mmisionari akageuka mfanyabiashara, alisafiri katika ziwa hili kwa mashua yake, akamsaidia Mwanga wa Buganda kurudi kitini, na silaha zilikuwa sehemu ya biashara yake. Mwezi Januari 1895 ofisa mmoja wa Kongo ya Leopold alimnyonga kwa kosa la kuuza silaha. Sikumpa ukurasa, kwa sababu sina hakika bunduki zake zilikuwa za namna gani, na katika mkusanyo wangu hakuna bunduki ya kubahatisha.

Ya tatu ni maarufu kuliko zote. Theodore Roosevelt alitoka ikulu ya Marekani mwezi Machi 1909, na mwezi uliofuata alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit, wakiwinda kwa niaba ya jumba la makumbusho la Smithsonian. Bunduki yake kubwa ya midomo miwili, Holland & Holland, alipewa zawadi na marafiki zake wa Uingereza. Ile ya wenzo, Winchester ya mwaka 1895 yenye kipimo cha .405, aliiagiza kiwandani New Haven. Hii haina bomba chini ya mtutu, risasi zake hukaa katika kisanduku mbele ya kifyatulio, kwa sababu risasi ndefu zenye ncha hazipangwi kwa usalama moja nyuma ya nyingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1910 anaisifu kwamba kwake, mbele ya simba, bunduki hiyo ilikuwa kama dawa, kwa maana ile ya uganga. Baba na mwana kwa pamoja waliua wanyama wakubwa 512.

Nilikisoma kitabu hicho kwa penseli mkononi. Roosevelt alikuwa na sikio la maneno, nakiri. Anaandika kwamba wapagazi walimwita Bwana Mkubwa, ingawa anakosea tahajia, na kwamba mwanawe walimwita Bwana Maridadi. Msafara mzima umejaa Kiswahili: safari, boma, shamba, shenzi, memsahib wa hapa na pale.  Watu wake waliisafisha ile Winchester na kuibeba. Lakini walimkabidhi mwenyewe kila ilipotakiwa kutoa moto. Mwisho wa safari wakapanda meli Kisumu kwenda Entebbe, wakikatiza kaskazini mwa ziwa letu, na dawa ya simba ikaenda zake Khartoum.

Nitaje hapa kitu kisicho cha mkusanyo, kwa kulinganisha. Bunduki ya Maxim, ambayo mwaka 1887 Stanley alikuwa nayo moja tu, haikukosa jina. Askari wa Wajerumani walioitumia, na watu walioelekezewa, waliiita bombomu, nalo likaingia katika kamusi likakaa. Mzungu aliimiliki vile vile. Tofauti ni kwamba hii ilifyatuliwa na mikono yetu kuelekea vifua vyetu, na yanayofika kifuani huwa hayakosi jina. Kukoki nako kulikuja na askari wa Mwingereza, kwa kuwa waliamriwa kukoki.

Sasa nifike nyumbani.

Babu yangu mzaa mama alikuwa na gobore. Bugwema ya utoto wangu ilikuwa mashamba ya mtama na mihogo yakishukia bondeni, na usiku viboko walipanda kutoka ziwani wakala na kukanyaga. Kazi ya gobore haikuwa kuua kiboko bali kumshawishi arudi. Babu alishindilia baruti na matambara tu, bila chochote cha kurusha, akaelekeza mtutu angani. Mlio ulikuwa mkubwa kuliko kitu chochote tulichokijua, sisi watoto tukicheka chini ya blanketi kwa hofu. Kutoka kwake nilipata maneno mengi ya bunduki kabla sijayakuta kitabuni. Mdeki niliujua kama fimbo ya kuchapiwa.

Ya wenzo tuliiona kwa macho mara moja tu, gari la sinema lilipokuja na kutundika shuka jeupe. Kwa wiki nzima kila mtoto alikuwa na kijiti kilichopindwa, akikisukuma na kukirudisha. Tuliiita ya kauboi. Kama mtu angeniambia wakati ule kwamba miaka sabini kabla, chombo kama hicho kilikuwa kimepita mbele ya milima yetu, ningeuliza kilikuwa cha kauboi gani.

Bunduki ya nne ndiyo iliyonichukulia muda, na ndiyo pekee niliyowahi kugusa kipande chake. Huko Majita wapo wanaosimulia habari za meli. Mwezi Novemba 1914 meli ya Waingereza iitwayo Sybil iligonga mwamba, ikapandishwa ufukweni Majita, upande wa Wajerumani, na ikakaa pale hadi Waingereza walipoirudia mwezi Mei 1915. Meli iliyokaa ufukweni miezi sita huacha hadithi nyingi kuliko vyuma. Nilipoanza kazi ya ualimu, mzee mmoja wa Bugwema alinionesha chuma alichotundikia mizani ya samaki, nami nikadhani ni kitu cha meli ile. Kilikuwa kimepinda kama kitanzi kirefu, kimelika kwa kutu, na mwishoni kina tundu la pini. Akacheka. Akasema si cha meli, ni cha bunduki ambayo baba yake aliipata upande wa Kisumu alikokwenda kutafuta kazi, na iliyobaki iliozea chini ya paa. Nikamuuliza ni bunduki gani. Akasema: "Ya taya."

Akanionesha kwa mkono wake mwenyewe. Vidole vilikuwa wenzo, kiganja kilikuwa mlango. Alipovishusha vidole, kiganja kikafunguka kwa juu, akaweka risasi ya kuwaza, akafunga kwa nguvu. Taya.

Leo najua alichokuwa akionesha. Ilikuwa Martini, bunduki ambayo jeshi la Uingereza liliichukua mwaka 1871, na ambayo katika miaka ya mwanzo ya King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, askari Waafrika waliipewa ikiwa imebadilishwa itumie risasi za .303. Wenye makusanyo ya Marekani hawataikubali katika ukuta mmoja na Winchester, kwa kuwa hupiga risasi moja tu kisha hujazwa upya. Lakini wenzo wake uko chini ya kishikio, unashushwa na kupandishwa kwa mkono ule ule, na mimi ndiye mwenye daftari. Na zaidi ya hayo, hii ndiyo ya wenzo iliyowekwa mikononi mwa mtu mweusi ili aitumie yeye. Ikapata jina. Mtu aliyeishika hakuona mkono wa chuma, ambao ndio Mzungu aliouona akaipa jina lake. Aliona kinywa kinachofunguliwa na kulishwa. Ni jicho lile lile lililoona nyuki katika mzinga.

Furaha yangu ingekuwa kamili kama ningeliandika siku ile. Sikuandika. Nilikuwa kijana wa chuo, nina vyeti vipya, nikaona neno la mzee mmoja wa kijijini si istilahi. Nilimsahihisha, Mungu anisamehe. Nilimwambia kwa Kiswahili sanifu hakuna bunduki ya taya. Akanitazama kidogo, akatundika mizani yake.

Baada ya lile swali la simu nilirudi Bugwema kumtafuta. Alikuwa amefariki miaka mingi. Mjukuu wake alikumbuka chuma, hakukumbuka neno. Chuma chenyewe hakipo: baada ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 2015, matangazo ya kusalimisha silaha kwa hiari yalipofika kijijini, familia iliogopa kukutwa na kitu chochote chenye asili ya bunduki, wakakipeleka. Siwalaumu, wala simlaumu aliyekipokea. Kwake kilikuwa kutu. Nimewauliza wazee wengine sita katika vijiji vya jirani, pamoja na wawili waliokuwa polisi. Wote wanajua gobore. Mmoja alijua ya kauboi. Taya walitaja ya ng'ombe na ya binadamu.

Kwa hiyo neno hili lina shahidi mmoja, naye ni marehemu, na aliyelisikia alilidharau. Mwanakamusi mwangalifu angelitupa, nami nikiwa mwanakamusi ningemwelewa. Nilimpigia simu mwanafunzi wangu, nikamweleza kwamba lile la kwanza nililitunga na kwamba hili la pili nililisikia, achague mwenyewe. Akaniambia filamu ilikwisha kutoka zamani, na kwamba kwa sababu ya haraka hakutumia hata moja, mhusika alisema tu, "Nipe hiyo."

Katika ukurasa wa nne nimeandika hivi: *Ya taya. Bugwema. Msemaji mmoja, mwanamume, mzee. Alionesha kwa mkono wa kulia. Haikuandikwa siku iliposemwa.*